Somo la Kuku: Pima Ua Kwanza, Ndipo Uchague Kuku

Wakulima wa skimu waliozungushia ua nyuma ya nyumba huja ofisini kwetu na swali moja: "Bwana Karani, ninunue kuku wa aina gani?" Wanauliza kwa sababu njema. Shamba la skimu lina mipaka yake. Jirani hayuko mbali, naye amepanda maharagwe na sukuma wiki. Haifai tena kuku kuzurura kutwa wakila cha kila mtu. Basi mkulima amejenga banda, amefunga wavu wa waya, na sasa ataka kuku 10 au 20 wa kumpa mayai ya watoto na mengine ya kuuza.

Mimi hujibu swali hilo kwa swali: "Ua wako una urefu gani?" Wengine hucheka, wakidhani sikusikia vizuri. Lakini hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Mtu akichagua kuku kabla ya kupima ua, huenda akapata kuku mzuri sana asiyemfaa hata kidogo.

KOSA NILILOFANYA MIMI

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kazi yangu ni kuandika barua na kupanga vitabu vya mafundisho ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya kuku, hata nikajiona fundi. Nikanunua mitetea 12 ya Leghorn weupe, kwa kuwa kuku hao wana sifa kubwa ya kutaga. Ua wangu ulikuwa futi 4 kwenda juu, yaani mita 1.2 hivi, nao ulikuwa na mti mnene uliolazwa juu ya wavu kutoka nguzo hadi nguzo. Niliona umependeza.

Siku za kwanza wale kuku walinifurahisha. Walikuwa wepesi, wakichakura tangu alfajiri. Wiki ya tatu mmoja aliruka akatua juu ya ule mti wangu, akatazama huku na huku, kisha akashukia upande wa pili. Wenzake waliona. Baada ya siku chache nikitoka kazini nilikuta kuku 3 ndani na 9 nje.

Jirani yangu ni mama mzee ambaye ada za mjukuu wake hutoka katika kitalu cha miche ya mboga. Jioni moja nilirudi nikamkuta amesimama katikati ya kitalu, miche yote imechakurwa, mizizi iko juu. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwalimu, hii ilikuwa ada ya muhula." Nilisikia uchungu kuliko kama angalinipiga. Nililipa miche ile, lakini msimu wa kupanda haulipwi kwa fedha. Wateja wake walikuwa wamekwisha kwenda kwingine. Na kuku wangu wakaanza kutaga ndani ya michongoma, nisiyaone mayai. Wawili waliliwa na mbwa.

Je, kuku wale walikuwa wabaya? La. Walifanya walivyoumbwa kufanya. Mwenye kosa ni mtu aliyewaweka kuku warukao nyuma ya ua wa futi 4, tena akawapa na ngazi ya kupandia. Mganga hajigangi, walisema wazee, nami niliyaona maneno hayo kuwa kweli.

UCHANGAMFU NI NINI?

Wakulima hupenda kuku mchangamfu, nao wana haki. Asili ya kuku wote ni ndege wa msituni huko Asia ya kusini na mashariki. Ndege yule huchakura majani makavu mchana kutafuta mbegu na wadudu, na usiku hupanda mtini kulala, aepukane na wanyama wakali. Kuku wa leo bado ana mambo hayo mawili: miguu ya kuchakura na mabawa ya kupanda juu. Katika aina nyingine miguu ndiyo yenye nguvu zaidi, na katika nyingine mabawa.

Kuku mchangamfu humfaa mkulima kwa sababu nyingi. Hula wadudu, magugu na mbegu zilizoanguka, akapunguza gharama ya chakula. Humwona mwewe mapema. Hafanyi mafuta mengi mwilini, na kuku mwenye mafuta mengi hutaga vibaya. Tena ni rahisi kujua akiugua, kwa sababu aliyekuwa mbioni jana akisimama leo ameinamisha kichwa, utamwona mara moja. Kuku mzembe huweza kuugua siku 2 kabla hujatambua.

Lakini tusichanganye uchangamfu na woga. Kuku mchangamfu hukutazama, hukukimbilia ukiwa na chakula, kisha hurudi kazini kwake. Kuku mwoga hupiga kelele na kujibamiza ukutani kila mtu apitapo. Huyo wa pili si hodari, ni mwitu. Vifaranga wakizoeshwa mtu tangu udogo, woga hupungua katika aina zote.

Basi kwa mtu mwenye ua, kuku atakiwaye ni yule ambaye uchangamfu wake unakwenda chini kwenye udongo, usipande juu kwenye wavu. Liweke neno hili moyoni, kwa kuwa yote yafuatayo yanatoka hapo.

AINA ZA KUKU NA TABIA ZAO

Uzito ndio ishara ya kwanza. Kuku wa kilo 2 aweza kuruka juu sana. Kuku wa kilo 3 huona taabu. Sasa tutazame aina moja moja.

1. Leghorn mweupe. Asili yake ni Italia, na jina lake ni lile Waingereza waliloita bandari ya Livorno. Mtetea ana uzito wa kilo 2 hivi. Hutaga mayai meupe, mengi sana, na akilishwa vizuri aweza kupita 250 kwa mwaka. Huanza kutaga akiwa na miezi 5 hivi, wala hapendi kuatamia. Anakula kidogo kuliko kuku wazito. Upanga wake mkubwa humsaidia kupoza mwili, kwa hiyo anavumilia joto. Ubaya wake ni kuruka, na bei ndogo ya nyama akizeeka.

2. Ancona. Huyu pia ni wa Italia, mweusi mwenye madoa meupe. Ni mwepesi kama Leghorn, hata kumzidi, na ni fundi wa kujitafutia chakula. Mwenye shamba kubwa lisilo na jirani atampenda. Mwenye ua mfupi amwache.

3. Rhode Island Red. Kuku mwekundu wa Marekani. Jimbo la Rhode Island lilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1954. Mtetea ana kilo 3 hivi na jogoo kilo 4. Hutaga mayai ya rangi ya udongo, anachakura kwa bidii, lakini haruki sana. Kuku huyu amejulikana hapa Kenya muda mrefu. Majogoo wake wengine ni wakali, basi usimweke jogoo anayerukia watoto.

4. Light Sussex. Ni wa Uingereza, mweupe mwenye shingo ya madoa meusi. Ni mtulivu, mzito, ana nyama nzuri, na huatamia mara kwa mara. Ua wa futi 4 unamtosha. Lakini huchoka upesi mahali pa joto, na asipotembea hunenepa mno.

5. Australorp mweusi. Alitengenezwa Australia kutokana na kuku wa Kiingereza aitwaye Orpington. Katika mashindano ya kutaga huko Australia ya mwaka 1922 na 1923, mitetea 6 walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Ni mpole, si mzembe, wala si hodari wa kuruka. Rangi nyeusi huvuta joto la jua, kwa hiyo ahitaji kivuli.

6. Kuku wa kienyeji. Huyu ni mwerevu, huatamia na kulea vifaranga vizuri kuliko wote, na huishi kwa chakula kidogo. Akizurura bila kulishwa hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Mtetea ana kilo 1 na nusu hivi, kwa hiyo huruka kama njiwa. Ukimfungia katika ua mfupi atakusumbua kama Leghorn, tena kwa mayai machache.

7. Kuchi. Wenzetu wa Lamu na pwani wanamjua: mrefu, mwenye miguu mikubwa na shingo ndefu. Ana nyama nyingi na bei nzuri. Lakini hutaga kidogo na hupenda kupigana, basi kumweka pamoja na kuku wengine katika ua mdogo ni kutafuta vita.

8. Kuku wa kienyeji walioboreshwa. Katika mpango wa taifa wa kuku ulioanza mwaka 1976, wakulima walipewa majogoo wa aina za kigeni badala ya majogoo wao wa kienyeji, ili uzao uwe bora. Siku hizi taasisi ya utafiti ya KALRO huko Naivasha hutoa kuku wa kienyeji walioboreshwa. Wapo pia Kuroiler, asili yake India, na Sasso, asili yake Ufaransa. Hawa wote ni wazito kuliko kienyeji wa kawaida, hutaga zaidi, na bado hujua kuchakura. Lakini angalia mambo 2. Kwanza, wengi wao hawapendi kuatamia. Pili, Kuroiler na Sasso ni machotara. Ukiangua mayai yao, watoto hawatafanana na wazazi, na wengine watakuwa dhaifu katika kutaga.

NICHAGUE YUPI BASI?

Ua wako ukiwa futi 4 hadi 5, yaani mita 1.2 hadi 1.5, chagua kuku wa uzito wa kati au mzito ambaye bado anachakura: Rhode Island Red, Australorp, au kienyeji aliyeboreshwa. Hao ndio wafaao wakulima wengi wa skimu.

Ua wako ukiwa futi 6 au zaidi, yaani mita 1.8, bila mti juu, au ukiwa umefunikwa kwa wavu, waweza kuweka Leghorn na kupata mayai mengi kwa chakula kidogo.

Angalia na hali ya hewa. Huko Kinangop na Ol Kalou, penye baridi, kuku wazito hustawi. Huko Mpeketoni na sehemu nyingine za joto, kuku wazito huhema mchana kutwa, na kuku wepesi huwashinda. Mkulima wa huko afadhali aongeze urefu wa ua kuliko kuongeza uzito wa kuku.

Wala usidanganywe na rangi ya ganda. Yai jeupe na yai la rangi ya udongo hulisha mtoto sawasawa. Lakini uliza sokoni kwako wanunuzi wapenda lipi, maana mnunuzi ndiye mwenye fedha.

Kama wataka kuangua vifaranga nyumbani, weka mitetea 2 ya kienyeji kwa kazi ya kuatamia tu, na mabawa yao yakatwe kama nitakavyoeleza. Mmoja aweza kufunika mayai 10 hadi 12 kwa siku 21.

UA NA NAFASI

Kuku haruki ukuta moja kwa moja. Kwanza hutafuta mahali pa kutua juu, kisha hushuka upande wa pili. Kwa hiyo usilaze mti au ubao juu ya wavu. Acha wavu uishe wenyewe, ulegee kidogo, naye ataona hakuna pa kukanyaga. Usiweke banda, debe wala rundo la kuni karibu na ua, kwa sababu hizo ni ngazi. Chini, fukia wavu futi 1 ardhini au panga mawe, ili nguchiro na mbwa wasichimbe.

Katika nchi za Ulaya, sheria ya kuku wa mayai watokao nje hutaka mita 4 za mraba kwa kila kuku. Nasi tutumie kipimo hicho. Mwenye kuku 12 ahitaji mita 48 za mraba, yaani uwanja wa mita 8 kwa mita 6. Kuuzunguka ni mita 28 za wavu. Ongeza mita 6 ukate uwanja katikati, ziwe mita 34. Kuku watumie upande mmoja kwa wiki 3 au 4, na upande mwingine upumzike, nyasi zimee na minyoo ipungue. Uwanja mmoja ukitumiwa mwaka mzima bila kupumzika huwa tope na kinyesi, na hapo uchangamfu wa kuku hugeuka ugonjwa.

Ndani ya banda, kuku 4 watoshe mita 1 ya mraba. Kila kuku apewe sentimita 25 za fito ya kulalia, basi kuku 12 wahitaji fito za mita 3. Kiota kimoja kitoshe kuku 4, na kiwe mahali penye giza kidogo.

KUKATA BAWA

Kuku asiyekoma kuruka hukatwa manyoya ya bawa moja tu, ili akijaribu kuruka akose mizani. Ukikata yote mawili, ataruka chini kidogo lakini sawasawa.

Fanya kazi hii jioni, kuku akiwa ametulia. Mtu mmoja amshike, mwingine akunjue bawa. Mwishoni mwa bawa utaona manyoya marefu yapatayo 10. Yakate kwa mkasi mkali, ukiacha kiasi cha nusu karibu na mwili. Usikate unyoya mchanga wenye damu ndani ya bua lake, maana utamwumiza. Unyoya uliokomaa haumi, ni kama kukata kucha.

Kumbuka mambo 2. Manyoya haya huota upya kuku akipukutisha manyoya ya zamani, basi kagua tena. Na kuku aliyekatwa bawa hawezi kumkimbia adui kwa kuruka. Mpe vichaka vya kujificha, na mlango wa banda ufungwe kila jioni.

MPE KUKU KAZI

Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua kuku mchangamfu, humfungia katika uwanja mtupu, kisha hushangaa kuona kuku wakidonoana mpaka damu. Kuku mwenye nguvu asiye na kazi ni kama kijana asiye na kazi. Atajitafutia.

Kazi ya kuku ni kuchakura. Mwaga majani makavu, maganda ya mahindi au nyasi zilizokatwa katika uwanja, kisha jioni tupa konzi 2 za mtama ndani yake. Watachakura mpaka wazipate. Mchana ning'iniza fungu la sukuma wiki kwa kamba, usawa wa kichwa cha kuku. Wataruka na kudonoa, na hawatakumbuka mkia wa mwenzao. Mwagia majivu na mchanga mkavu katika pembe moja, waoge humo na kupunguza chawa na utitiri.

Lakini kuchakura peke yake hakutoshi kuku aliyefungwa. Nje angejichagulia wadudu. Ndani hula umpacho. Kuku atagaye ahitaji gramu 110 hadi 130 za chakula cha kutagia kila siku, maji safi wakati wote, na chokaa au ganda la konokono wa pwani lililosagwa kwa ajili ya ganda la yai. Kuku 12 hunywa lita 3 za maji kwa siku, na zaidi wakati wa joto.

Tufanye hesabu. Kuku 12 wepesi wakila gramu 110 kila mmoja, ni gramu 1,320 kwa siku, au kilo 39.6 kwa siku 30. Kuku 12 wazito wakila gramu 130, ni gramu 1,560 kwa siku, au kilo 46.8 kwa siku 30. Tofauti ni kilo 7.2 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya chakula dukani kwako, kisha linganisha na gharama ya kuongeza ua kutoka futi 4 hadi futi 6. Hapo utajua kwa hesabu, si kwa kukisia, kama yakupasa kununua waya au kununua kuku mzito.

SIKU YA KUNUNUA

Usinunue kuku aliyefungwa miguu sokoni bila kumtazama akisimama na kutembea. Nenda kwa mfugaji au mahali pa kuangulia panapojulikana, usimame kando dakika 10. Tupa punje chache. Kuku hodari huja mbio, macho yang'aa, upanga mwekundu, miguu imesimama mbali mbali. Yule ajikunyataye pembeni, mwenye mkia mchafu au anayekoroma, mwache hata akiwa rahisi.

Ukinunua mitetea wanaotaga, shika mifupa miwili iliyo chini ya mkia. Vidole 2 au 3 vikipita katikati, yu katika kutaga. Kikipita kidole 1 tu, bado hajaanza au amekwisha acha.

Jioni, kuku wakiisha panda fito, papasa mfuko wa chakula chini ya shingo. Kwa kuku aliyefanya kazi mchana, mfuko huwa umejaa. Ukikuta mtupu, mtenge umtazame.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Leo hatumfungi kamba, lakini wafungie kuku wapya ndani ya banda kwa wiki 1, wajue pa kulala na pa kutaga, ndipo uwafungulie uwanja. Kama una kuku wengine, watenge wageni kwa wiki 2 au 3, usije ukaleta ugonjwa.

Tena usisahau chanjo. Kuku wepesi na wazito hufa sawasawa kwa ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, na ukiingia katika ua uliofungwa waweza kumaliza wote kwa siku chache. Mwulize afisa wa mifugo wa wadi yako ratiba ya chanjo ya kideri na ndui ya kuku. Yafaa wakulima wa mtaa mmoja kuchanja siku moja, kwa kuwa chupa moja ya dawa hutosha kuku wengi, nayo ikifunguliwa haiwekwi.

MASWALI YA KUJIJARIBU

Someni maswali haya nyumbani au katika chama chenu.

1. Kuna tofauti gani kati ya kuku mchangamfu na kuku mwoga?
2. Una uwanja wa mita 8 kwa mita 5. Waweza kuweka kuku wangapi ukimpa kila mmoja mita 4 za mraba?
3. Kwa nini hatulazi mti juu ya wavu wa ua?
4. Kwa nini twakata bawa moja, tusikate yote mawili?
5. Mkulima wa Mpeketoni na mkulima wa Kinangop wana ua wa futi 4 kila mmoja. Je, utawapa shauri moja? Eleza.

Jibu la swali la 2 ni kuku 10. Mengine yamo katika somo.

MWISHO

Niliuza wale Leghorn kwa mkulima mwenye uwanja uliofunikwa kwa wavu, na huko wanataga vizuri. Mimi niliondoa ule mti juu ya ua, nikaongeza wavu mpaka futi 5, nikanunua Rhode Island Red 8 na kienyeji 2 wa kuatamia. Mayai ni machache kidogo kuliko nilivyotazamia kwa Leghorn, lakini yote nayaona, maana yote yako ndani.

Yule mama jirani yangu amepanda kitalu chake tena. Kila Jumamosi humpelekea gunia la samadi ya kuku iliyokwisha oza, naye hunipa majani ya chini ya sukuma wiki niwaning'inizie kuku. Mwezi uliopita aliniambia ataka kuku 6 wa kwake. Nilimwuliza, "Mama, ua wako una urefu gani?" Akacheka, akasema, "Huo wako si ndio wangu pia?" Basi Jumamosi ijayo tutapima upande uliobaki.